Waombaji Dirishani

Asubuhi ile jogoo nilimfungia bandani, mbwa nikampeleka kwa jirani ng'ambo ya kijito, na simu nikaichomoa ukutani. Hata saa ya jikoni niliitoa betri, maana mlio wake ulikuwa ukimkera binti yangu Renetta tangu alipoketi kunywa kahawa. Alikuwa na mtihani wake wa mwisho. Angeufanyia chumbani kwake, kwenye kompyuta, huku mtu asiyemjua akimwangalia kutoka mbali kupitia kamera.

"Mama, usiingie," aliniambia. "Hata ukinisikia nimeanguka kitini."

"Sitaingia."

"Wala usiombe kwa sauti. Nakujua."

"Nitaomba moyoni."

"Moyo wako nao unasikika mpaka kwa shangazi Verlene."

Alisema hivyo bila kucheka, na kahawa aliiacha nusu.

Renetta ni mtu mzima, ana mtoto aliyeko jeshini. Miaka yote amefanya kazi katika nyumba ya wazee kule chini barabarani, anawaosha, anawalisha, anawafumba macho wakienda. Mkuu wa nyumba ile alikuwa anastaafu. Wenye nyumba walisema kiti chake atapewa mwenye shahada, na kama Renetta hatakuwa na ya kwake mwezi ukiisha, wataleta mtu kutoka jiji la Lexington. Wazee walimtaka Renetta. Yeye mwenyewe alikitaka kiti kile kuliko alivyokubali kusema.

Chuo chake ni cha namna ambayo watu wa bonde letu hawakuiamini mwanzoni. Huendi kukaa darasani. Unasoma mwenyewe, unafanya mtihani, ukifaulu somo linahesabiwa kuwa limekwisha. Hivyo ndivyo alivyoikusanya shahada yake, somo baada ya somo, akisoma jikoni kwangu baada ya zamu, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Historia aliifaulu. Biolojia aliifaulu. Ilibaki aljebra, ambayo ilikuwa imeshamwangusha mara moja, na ukianguka huruhusiwi kurudia mpaka miezi mitatu ipite. Kwa hiyo siku ile akianguka, au mtihani ukifutwa kwa sababu yoyote, kiti kimekwenda.

Ile mingine aliifanyia chuoni mjini. Safari hii mlima ulikuwa umeporomokea barabara, ikabidi aufanyie nyumbani.

Mimi niliishia darasa la nane, aljebra siijui. Ila kulinda mlango najua. Nilimuuguza mume wangu Burl vumbi la makaa ya mawe la mgodini likimmaliza kifuani, na nilijifunza kuwazuia watu mlangoni bila kuwatukana.

Msimamizi alipotokea kwenye kompyuta nilikuwa ukumbini. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke, ya upole lakini kavu. Alimwambia Renetta aizungushe kompyuta aonyeshe kuta zote, kisha chini ya meza, kisha masikio, kisha akunje mikono ya blauzi.

"Ile fremu ukutani ina maandishi," alisema. "Iondoe."

Ilikuwa Zaburi niliyoidarizi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya Renetta. Nilisikia inatolewa kwenye msumari.

"Mtu yeyote akiingia, au nikisikia sauti ya mtu mwingine inayosema nawe, nitausimamisha mtihani," akasema msimamizi. "Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Nikatoka kwa vidole vya miguu, nikaketi barazani, nikaanza kuomba midomo ikiwa imefungwa. Kwa mtu wa kanisa letu hilo si jambo dogo. Sisi tunaomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mtu na maneno yake, na Roho akishuka anayesikika ni mwenye sauti kubwa. Kuomba kimya ni kama kupika bila moto.

Sikuwa nimefika mbali niliposikia mbao za daraja zikigonga. Pikapu ya kwanza, halafu ya pili.

Jumapili Renetta alikuwa amesimama kanisani akasema, niombeeni, Alhamisi asubuhi nina mtihani. Alikuwa na maana kila mtu aombe kwake. Lakini kwetu ukisema hivyo umealika watu, na Verlene, dada yake Burl, hajawahi kukosa mwaliko.

Nilishuka mbio na ndara zangu, nikawakuta kabla hawajafunga milango ya magari.

"Msifunge milango," nikanong'ona. "Iacheni hivyohivyo."

"Mbona unanong'ona?" Verlene aliuliza. Alikuwa amebeba sufuria ya kuku na mkate wa mahindi juu yake. "Kuna msiba?"

"Ameshaanza. Kukisikika sauti ya mtu wanaufuta."

"Nani anaufuta?"

"Yule wa kwenye kompyuta."

Verlene alinitazama toka juu hadi chini. "Delphia, nimewatoa watu makazini. Ndugu Harlan nimemtoa kitandani na goti lake. Tumekuja kumpaka mafuta mtoto wa kaka yangu, na wewe unatuambia kuna mwanamke ndani ya kompyuta hataki?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi tutaomba polepole."

"Wifi, wewe polepole yako ilimwamsha mtoto wa mpiga piano wa kanisa."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Verlene hakucheka. Niliona shingo yake inapanda wekundu.

"Unatufukuza," alisema, na sauti ilikuwa imeanza kupanda pia. "Watu wa Mungu, uwanjani kwa Burl."

Nilimshika mkono wenye sufuria. "Siwafukuzi. Ingieni kwenye magari, pandisheni vioo mpaka juu, muombe mtakavyo. Mkitaka kupaza, pazeni. Ila kioo kisishuke hata kidogo. Naomba, Verlene. Binti huyu akikosa leo hana kingine."

 Alitazama nyumba, dirisha la jikoni, kisha akanipa sufuria.

"Joto litatuua," alisema.

"Halitawaua."

Wakaingia, akina mama gari la mbele, wanaume la nyuma, na vioo vikapanda. Muda si muda nikaona midomo inakwenda na mikono inagonga paa kwa ndani, na kwa nje sauti ikawa kama nyuki ndani ya mtungi. Nilitua sufuria barazani, nikawahesabu vichwa kwa macho kama ninavyowahesabu kuku jioni.

Ndugu Harlan hakuwemo.

Ndugu Harlan Sizemore ndiye mchungaji wetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mashine za mgodini zilimla masikio, kwa hiyo hakuwa amesikia neno hata moja la yote niliyoyasema pale, na kwa sababu hajisikii mwenyewe, husema kila kitu kwa sauti ya kumwita mtu aliye juu ya mlima. Ndiye aliyembatiza Renetta kwenye kijito kile kile, barafu ikiwa kandokando. Dirisha la chumba cha Renetta alikuwa analijua.

Nilizunguka nyumba. Kukimbia nisingeweza, changarawe ingelia. Nilipofika kona ya nyuma nikamwona: amesimama mbele ya dirisha la Renetta, kofia kwapani, chupa ya mafuta ya zeituni mkono mmoja, na mkono wa pili ameuinua juu kuelekea kioo. Alikuwa anavuta pumzi. Naijua pumzi ile. Ni ile inayotangulia "Baba wa mbinguni".

Nisingeweza kumwita. Hata ningepiga kelele asingesikia, angesikia yule msimamizi.

Katika kanisa letu mwanamke hamgusi mchungaji isipokuwa kumpa mkono. Nilifika kwa nyuma nikamziba mdomo kwa kiganja changu chote, nikamvuta chini kwa ukosi wa koti. Tulishuka pamoja kwa magoti, juu ya tope la maua yangu ya airisi, chini kabisa ya dirisha. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya ndama. Nilimwonyesha kidole mdomoni, kisha nikaonyesha dirisha. Kiganja sikukitoa.

Ndani, sauti ya msimamizi ikasema, "Simama hapo. Usibonyeze kitu."

Nilimkandamiza Ndugu Harlan chini zaidi.

"Nimeona kivuli cha mkono kwenye ukuta nyuma yako," alisema. "Igeuze kompyuta nione dirisha."

Nikasikia kiti kinasogea. Nilijikunyata, kidevu kifuani. Lakini nywele zangu mkasi haujazigusa tangu niokoke, ni desturi yetu sisi akina mama wa kanisa lile, na nazifunga fundo moja kubwa la mvi utosini. Nilikuwa nimekisahau kichwa changu.

"Kile kitu cha mviringo pale chini, nje ya kioo, ni nini?"

 Kutoka kwenye magari nilisikia wale nyuki wangu. Renetta angeweza kusema ni kikapu. Angeweza kusema ni paka wa kijivu, tunaye paka wa kijivu. Nami, Mungu anajua, kwa nukta moja nilitamani aseme paka.

"Ni nywele za mama yangu," alisema Renetta.

"Mama yako anafanya nini dirishani?"

"Nadhani anaomba. Mchungaji wetu naye yuko hapo, ule mkono ulikuwa wake. Niliwaambia wakae mbali, ila hapa kwetu..." Hakumaliza.

"Kuna yeyote aliyesema nawe?"

"Hapana, mama."

"Wewe umesema na yeyote?"

"Hapana."

 Saa ya mtihani, Renetta aliniambia baadaye, haikusimama. Ilikuwa inakula dakika zake pembeni mwa kioo cha kompyuta huku yeye amekaa mikono juu ya mapaja.

"Sauti sikuisikia," msimamizi alisema hatimaye. "Rudisha kompyuta, uendelee. Nitaandika nilichokiona na ulichonijibu. Wataamua wengine."

Hatukuthubutu kuinuka. Tulikaa pale kwenye tope mpaka mwisho, mimi na mzee mwenye goti bovu. Kiganja nilikitoa, naye hakutoa sauti. Midomo yake ilikwenda, machozi yakamshuka kwenye makunyanzi, na sauti haikutoka. Sikujua kama anaweza.

Renetta alipokuja nje alitukuta tunasaidiana kusimama. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Mwishoni kompyuta inakuuliza kama unataka kuona alama au kuzifuta usizione," alisema. "Nimebonyeza kuona."

"Na?"

"Nimefaulu. Maswali ya mwisho sikuyagusa, saa ilikwisha, lakini nimefaulu." Akaketi kwenye ngazi. "Wanaweza bado kuufuta. Kuna ile ripoti."

"ANASEMA NINI?" aliuliza Ndugu Harlan, na kuku wote bandani wakaruka.

Verlene na wenzake walishuka kwenye magari wamelowa jasho kama waliotoka kijitoni. Walikula kuku barazani, na Verlene, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu, alimkatia Renetta kipande kikubwa cha mkate akamwekea mkononi bila neno.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya kuliko mtihani. Renetta alikwenda zamu, akarudi, akaketi na koti mwilini karibu na simu, ambayo nilikuwa nimeichomeka tena. Jioni moja nilimuuliza lile lililokuwa limenikaa.

"Kwa nini hukusema ni paka?"

Alinitazama kama nimepungukiwa. "Mama. Ningesemaje paka, na wewe uko chini ya dirisha unanisikiliza?"

 Niliendelea kumenya viazi.

Simu ililia wiki iliyofuata, asubuhi. Alisimama kuipokea, akanigeuzia mgongo. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, aliandika kweli." Kisha akasikiliza. Nilishika meza. "Kwa hiyo linahesabiwa?" aliuliza, na baadaye akasema asante, na tena asante, akarudisha simu mahali pake kwa mikono miwili kama anarudisha yai.

Hakugeuka mara moja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nami nikamwacha, maana kuna mambo mtu huyamaliza na ukuta.

Halafu akajifuta kwa mkono wa koti, akatazama saa ya jikoni, ambayo tangu Alhamisi ile ilikuwa inaonyesha saa ileile.

"Rudisha betri, Mama," alisema. "Sijui hata kama nimechelewa kazini."