Jinsi Papa Mwelwa Alivyojifunza Kukaa

Chilufya alianza kumfundisha mbwa kukaa siku ya Jumatatu, nyuma ya nyumba yao ya Ruashi, baada ya kuosha vyombo. Mtoto wa mbwa alikuwa bado ananuka maziwa. Chilufya alikuwa amepewa na jirani yake, Mama Kavugho, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, ambaye depo yake ya samaki wakavu ilikuwa na paka wavivu wengi na jike moja la mbwa lenye bidii. Chilufya alimpa jina la Basema, yaani na waseme, maana watu wa mtaa ule hawakosi la kusema.

"Usimupige, usimupigie kelele," Mama Kavugho alimwelekeza, huku akimwekea kiganjani visamaki vikavu. "Unapitisha samaki pa pua, unaipandisha polepole kwenda nyuma ya kichwa. Akiifuata na macho, matako inashuka yenyewe. Pale inapogusa chini, pale pale unamupa."

"Na akikatala?"

"Mbwa gani anakatalaka samaki?"

Chilufya akiishika kazi, kazi yenyewe hujua imeshikwa. Neno lilikuwa moja, na alilisema mara moja tu: ikala, yaani kaa. Alifundisha kabla ya chakula, tumbo la mwanafunzi likiwa halijashiba, na kila somo alilimaliza Basema akiwa amefanya vizuri. Mara moja tu, kwa haraka zake, alimkandamiza kiuno kwa mkono. Mbwa alikaza miguu akasukuma juu. Chilufya aliuondoa mkono wake na hakurudia tena. Kufikia mwisho wa wiki Basema alikuwa anakaa vumbini kama mgeni wa heshima.

Baba yake aliyatazama masomo hayo yote akiwa amesimama langoni. Papa Mwelwa alikuwa amefariki tangu mvua zilizopita. Kila siku jua likianza kuteremka alikuja, amevaa sare yake ya ulinzi, akasimama kando ya lango la bati, mikono nyuma, mpaka giza lilipoingia. Majirani waliotoka sokoni walimsalimu, naye aliinua kidevu kidogo. Maisha yake yote alilinda villa moja kule Golf, mtaa wa matajiri, ambako patron, yaani bosi wake, aliamini kwamba mlinzi aliyekaa ni mlinzi aliyelala. Zamani, bado kijana, alikutwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Patron alimmwagia maji mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hakukaa tena, kazini wala nyumbani. Hata bukari, yaani ugali, alikula amesimama. Alikufa amesimama kwenye lango la villa ile, na hakuna aliyegundua mpaka mwenzake alipokuja kupokea zamu. Walimzika amelala, kama inavyopasa, lakini kulala huko hakukushika. Nafasi yake alipewa Emery, mume wa Chilufya, na ukoo mzima ulimshukuru Mungu, kwa sababu kazi haziokotwi njiani.

Tatizo lilikuwa miguu ya marehemu. Ilizidi kuvimba kila jioni, viatu vikaanza kuachia nyuzi. Chilufya alikuwa anampenda baba yake na jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe, kwa kuwa kifo angalau kilikuwa kimekwisha.

Watu walishajaribu. Mdogo wa marehemu, Alexis, alileta kochi zuri la sofa, akamshika kaka yake bega moja, shemeji yao mmoja akashika lingine. "Yaya, ikala!" Alexis alimwita kaka yake kwa kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Papa Mwelwa alikaza magoti, na wale wawili wakachoka kabla yake. Pasta naye alikuja akamwamuru kwa sauti kubwa apumzike. Papa Mwelwa alibana visigino na kunyoosha mgongo, akingoja amri nyingine.

Basi jioni moja Chilufya alimwambia Basema, "Ikala," na Basema akakaa, na kwa pembe ya jicho Chilufya akaona magoti ya baba yake yamelegea kidogo. Yalilegea kama inchi moja. Kisha mzee alitupa jicho barabarani na kujinyoosha tena.

Chilufya alichukua karanga moja ya kukaanga, kwani baba yake aliipenda karanga kupita nyama, akaenda kumtia mkononi pale pale.

"Muzuri, Papa," alisema.

Kesho yake magoti yalilegea tena, na Chilufya akamlipa tena. Papa alipogusa kwa vidole mgongo wa kiti cha plastiki alichowekewa kando, alipata karanga. Alipokipa kiti kisogo bila kukimbia, alipata mbili. Hakuna aliyemsukuma. Alexis alipofungua mdomo atoe ushauri, Chilufya alimwambia, "Oncle, huyu iko mwanafunzi yangu," na Alexis akaufunga.

Siku moja mzee alikuwa ameshafika nusu ya safari, makalio yakitafuta kiti, wakati gari jeusi lililokuwa likielekea mgodini lilipopiga honi. Papa Mwelwa aliruka wima akapiga saluti. Basema pia aliruka. Kisha Basema alinusa hewa, akaona hakuna jambo, akakaa tena yeye mwenyewe. Papa Mwelwa alimtazama yule mbwa kwa muda mrefu. Akashusha mkono, akakunja magoti, akakaa. Kiti kililia kidogo.

"Kumbe iko vile," alisema.

Chilufya alimmwagia karanga zote zilizobaki mapajani, akalia bila kujificha, akacheka. Tangu jioni hiyo baba yake alikaa mpaka wakati wa chakula, miguu ikapungua, naye akaanza kuuliza habari za mjini.

Mwalimu aliyefaulu mara mbili haogopi mwanafunzi wa tatu. Chilufya alimbeba Basema, akakamata kiti kimoja kwa mkono mwingine, akaenda Golf. Emery alimfungulia lango amesimama, akatazama kile kiti, akatazama pembeni. Patron alikuwa barazani. Alikuwa amezeeka, na alipenda mbwa.

"Ikala," Chilufya alisema, na Basema akakaa kwenye vigae.

"Mais, iko intelligent!" Patron aliinama akamkuna masikio. "Ulimufundisha namna gani?"

"Bila fimbo, patron. Bila kelele. Akifanya muzuri, anapata kitu."

"Voilà! Njo ile nasemaka kila siku. Mbwa ukimupiga, anabakia na woga maisha yote."

"Njo vile, patron. Sasa nilikuleteya kiti ya Emery, pale kwa mulango."

Patron aliendelea kumkuna Basema. Hakukasirika hata kidogo.

"Hapana, mama. Mulinzi akikaa, analala." Kisha alimwita mtumishi alete mto, kwa kuwa vigae vilikuwa baridi na mbwa bado ni mtoto.

Chilufya alirudi Ruashi na kiti chake. Alimkuta baba yake amekaa, akamsimulia kila kitu, na hasira yake hakuificha. Papa Mwelwa alisikiliza bila kushangaa. Giza lilipoingia Emery alirudi kutoka kazini. Chilufya alimsogezea kiti kile na sahani ya bukari.

"Niko bien hivi," Emery alisema, akaanza kula amesimama, macho barabarani.

Papa Mwelwa alimwangalia mkwe wake kuanzia viatu hadi kofia.

"Bado iko muzima," alimwambia binti yake. "Anza na magoti. Usimusukume."

Chilufya aliingia ndani kukaanga karanga nyingine. Asubuhi Emery alivaa sare yake akaenda Golf. Zamu huanza saa kumi na mbili, na mlinzi husimama.