Ombi la Dada Twyla

Kiwanda cha Merle Stoltz, kule Ohio, kilitengeneza viti virefu vya makanisani, na ole wako ushike msumeno kabla ya maombi. Kila asubuhi wafanyakazi walisimama duara, mwenye shida akaitaja, na Merle mwenyewe akaiombea kwa sauti kila siku mpaka ijibiwe. Goti la mlinzi liliombewa tangu kiangazi hadi theluji. Sheria ni sheria.

Merle huyohuyo ndiye aliyetangaza kwamba bima ya kampuni haitalipia tena vidonge vya kupanga uzazi. Eti dhamiri yake imemkataza. Twyla Gerber, fundi wa vanishi, aliweka brashi chini. Uzazi wa tatu nusura umzike, na daktari alimwambia wazi: wa nne usithubutu. Na bila bima, bei ya vidonge mshahara wake haukuifikia. Akamfuata bosi ofisini.

"Ndugu Merle, vile vidonge ndio uhai wangu."

"Mtegemee Mungu, Dada Twyla."

"Mungu namtegemea. Mume wangu Dwight ndiye simtegemei."

Merle aliiva uso mpaka masikioni. "Nitakuombea," akasema, akamfungulia mlango.

Ataniombea? Haya! Dawa ya moto ni moto. Kesho yake, duara lilipokamilika, Twyla akanyoosha mkono.

"Naomba mniombee nisishike mimba."

Mtu alikohoa. Merle akafumba macho. "Ee Bwana, tunamleta kwako dada yetu, pamoja na mumewe..."

"Hasa Ijumaa," Twyla akamkumbusha kwa upole. "Siku hiyo hurudi amechangamka."

"...hasa Ijumaa, Ee Bwana. Mchoshe Dwight."

"Amina!" wanaume wa msumeno wakanguruma, wakijiuma midomo wasicheke.

Siku iliyofuata Lupe, mshona mito, naye akaleta ombi lilelile. Halafu Bonnie wa mapokezi. Halafu wanawake wote. Wiki haikuisha, maombi yakawa yanafika saa ya chai, misumeno imelala, na kanisa moja la Kentucky linapiga simu kuuliza viti vyake viko wapi. Merle alitokwa jasho akiwaombea waume za watu kwa majina. "Mpe Carl usingizi mzito," aliomba, na Carl mwenyewe, mume wa Bonnie, kasimama hapohapo kando yake, kanuna.

Jumatatu Bi Ardith, mke wa Merle, akaja na donati zake kama kawaida. Akasimama mlangoni, akasikiliza weee, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Merle, utaomba hivi mpaka lini?"

"Mpaka Mungu ajibu."

"Sisi tuna watoto wangapi?"

"Wawili. Ndivyo Mungu alivyopenda."

Bi Ardith akaweka sinia chini. "Baba Kevin, tangu mdogo wake Kevin azaliwe nilikuwa nameza vidonge, mpaka umri wenyewe ukanistaafisha. Bima ya kampuni yako ndiyo iliyolipa."

Merle akajibwaga kwenye kiti kilichokuwa karibu. Twyla alifumbua kinywa amwambie vanishi haijakauka, akaona heri anyamaze.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unamshukuru Mungu kwa furaha, mume wangu. Nikuharibie ya nini?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Merle akajaribu kuinuka; suruali ikakataa.

"Dada Twyla," akasema taratibu, "niletee simu. Nizungumze na watu wa bima."

Twyla alikwenda mbio, machozi yakimtiririka. Nyuma yake akamsikia Carl akiuliza, "Kwa hiyo leo naruhusiwa kukesha?"