Mkono Utosini

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba salamu ile sikuibuni mimi. Niliirithi. Katika shule yetu ya bweni, kila msichana mpya wa kidato cha kwanza huambiwa siku anapofika kwamba mkubwa hasalimiwi kwa mdomo peke yake. Unasimama wima, unaweka kiganja cha kulia utosini, unasema, "Nimefika, nipo." Mimi niliisema wiki tatu nzima, hata kwa mpishi, hata kwa mbwa wa mwalimu wa zamu, kabla sijagundua kwamba wakubwa walikuwa wanajiziba midomo kwa mashuka wasipasuke kwa kicheko. Nilipokuwa mkubwa nami nikaiendeleza, kwa moyo safi wa kulinda urithi. Kosa langu ni moja tu: niliitoa nje ya uzio wa shule.

Mama yangu ni msimamizi wa nyumba ya wageni ya chuo kikuu, nasi tunaishi vyumba viwili vya nyuma. Siku ya pili ya likizo aliniita kwenye chumba cha kupigia pasi.

"Kesho anakuja mhadhiri mgeni," alisema. "Atafundisha muhula mmoja. Walikuwepo watatu wa kumtembeza, wote wamepata udhuru. Utamtembeza wewe."

"Mama, mimi niko likizo."

"Likizo ya kufanya nini? Kulala kama gogo? Nimempa mkuu wa idara neno langu kwamba mgeni atatunzwa. Ole wako uniaibishe."

"Kwani nimewahi kukuaibisha?"

Aliendelea kupiga pasi foronya, na kimya chake kilikuwa na barua tatu ndani yake, zote kutoka kwa mwalimu wa nidhamu.

Mgeni alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya kahawia vilivyong'arishwa mpaka vinatia aibu. Alifundisha ujenzi wa madaraja, na wote tulimwita Daktari. Kiswahili alikijua, ila aliipiga pasi kila sentensi kabla ya kuitoa. Nilidhani angetaka kuona maktaba. Alitaka kuona mitaro. Kila tulipofika penye kivuko, hata kile cha mabati mbele ya karakana, aliinama na kuchungulia chini yake kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Kati ya uwanja wa chuo na mtaa wa maduka kuna mtaro mpana wenye daraja la mbao. "Ubao wa tatu usiukanyage," nilimwambia. "Umeoza."

Aliuruka bila hata kuutazama.

"Huangalii?" nilimuuliza. "Si ndiyo kazi yako?"

"Umesema wewe mwenyeji. Inatosha." Kisha akasimama na kufungua daftari lake dogo. "Binti, nisaidie jambo moja. Sitaki kukosea watu. Hapa mnasalimianaje?"

Mbele ya mahakama yoyote nitasema kwamba nilisita. Nilisita kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikaweka kiganja utosini, kwa uso wa mazishi, nikasema, "Nimefika, nipo." Aliandika. Akaniuliza kama ni kiganja chote au vidole tu. Nikamwambia kiganja chote, vidole tu ni dharau. Nikaongeza kwamba kwa mama haihitajiki, maana msimamizi wa nyumba unayolala husalimiwa kawaida. Mhalifu mzoefu hufikiria kila kitu.

Wa kwanza kusalimiwa alikuwa mlinzi wa getini. Daktari alisimama wima, akaweka mkono kichwani, akatamka maneno yake. Niligeukia ukuta kusubiri kicheko. Hakikuja. Mlinzi alimtazama mgeni, akakaza mgongo, akaweka kiganja juu ya kofia yake.

"Nimefika, nipo!" alijibu kwa sauti ya gwaride.

Tulipopita, Daktari aliniambia kwa furaha, "Umeona? Nimepatia."

Jioni mlinzi aliniita kando. "Mgeni wenu ana salamu ya kwao nzuri sana. Mtu mzima, msomi, anajishika kichwa kwa ajili yangu mimi wa getini? Wasomi wa hapa hata habari hawanipi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Daktari aliamini salamu ni yetu. Watu wetu waliamini ni yake. Na kwa kuwa kila upande ulikuwa na adabu kuliko mimi, kila upande uliwaiga wenzake ili wasijisikie wageni. Mpishi wa kantini alijibu akiwa na mwiko mkononi, mchuzi ukamtiririkia shavuni. Mtu wa fotokopi nje ya geti aliacha mashine ikimeza karatasi ili asimame vizuri. Siku tatu hizo nilicheka ndani ya mto mpaka mbavu zikauma. Nilishaanza kupanga jinsi nitakavyowasimulia wenzangu bwenini.

Siku ya nne tulirudi kwenye daraja la mbao. Daktari alikaa ukingoni, akaning'iniza miguu juu ya mtaro.

"Nikuambie kwa nini nilikusumbua na mambo ya salamu," alisema. "Chuo nilichokwenda mwaka juzi, siku ya kwanza niliingia chumba cha walimu nikakaa. Kumbe kile kiti kilikuwa cha mwenzao aliyefariki mwezi ule. Hakuna aliyeniambia. Waliacha tu kuongea nami. Muhula mzima nilikula peke yangu, nikifungua mdomo darasani tu. Nikaapa sitakwenda ugenini tena. Nimekuja hapa kwa kujikaza, binti. Na watu wa hapa wamenipokea kama ndugu." Alicheka, akagusa utosi wake. "Kesho mchana kwenye mhadhara wa kufungulia muhula, mbele ya chuo chote, nitaanza kwa salamu yenu."

"Si lazima," nilisema haraka.

"Ni lazima. Ni shukrani."

Nilifungua mdomo. Ninao mdomo mwepesi, umeandikwa hata kwenye ripoti zangu, lakini siku hiyo uligoma. Nilisema, "Twende, jua kali."

Kesho yake asubuhi nilikwenda chumbani kwake nimeshayapanga maneno. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, na koti lake la mhadhara, kiganja utosini. "Nimefika, nipo," aliuambia ule uso wa kwenye kioo. Akashusha mkono, akaweka sawa tai, akarudia, safari hii kwa tabasamu. Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole mpaka stoo, nikakaa juu ya gunia la sabuni.

Ukumbi ulijaa. Mama alikuwa amenikalisha kando yake safu ya pili, amevaa kitenge chake cha heshima kwa sababu mgeni ni wa kwake. Mkuu wa idara alimkaribisha Daktari. Naye akapanda jukwaani, akasimama wima, akaweka mkono.

"Nimefika, nipo!" alisema. Salamu ilikuwa imeshaenea chuoni; ukumbi mzima, pamoja na mlinzi aliyekuwa mlangoni, ukajibu. Ilipendeza, na nikaanza kuomba iishie hapo.

"Asanteni," alisema Daktari. "Nimepita nchi nyingi, sijaona salamu nzuri kama hii yenu."

Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza, wala si kwa ubaya, "Yetu? Daktari, hiyo si ya kwenu?"

Kicheko kilianzia viti vya nyuma kikashuka mpaka mbele. Daktari alibaki na mkono hewani, haujui pa kwenda. Kisha macho yake yakanitafuta, yakanipata. Mimi niliinama nikaanza kufunga kamba za kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Basi nimechanganya," nilimsikia akisema. "Vyuo vingi, kichwa kimezeeka. Mtanisamehe." Watu wakacheka tena, kwa upole wa kumhurumia mzee. Angeweza kuninyooshea kidole. Aligeuka akachora daraja ubaoni, na mstari wake wa kwanza ulipinda.

Nyumbani mama alichukua shuka, akanipa ncha mbili, yeye akashika mbili. Tulikunja tatu.

"Siku ya wazazi, mwaka wako wa kwanza," alisema hatimaye, "ulinisalimia hivyo getini. Mkono kichwani. Nilijua mwanangu amefundishwa heshima. Nilimpigia simu mama yako mdogo kumsimulia. Nililia, unajua?" Alichukua ncha zangu. "Leo ukumbini, ulipoinamia ndala zako, ndipo nimeelewa: kumbe walikuwa wanakucheka wewe, na mimi pamoja nawe. Na wewe ukaona ni kitu cha kumpa mtu mwingine."

Nilitamani anichape. Alipanga shuka kabatini, akazima taa ya chumba cha pasi, akaniacha humo gizani mchana kweupe.

Asubuhi nilimngoja Daktari barazani.

"Daktari, ile salamu..."

"Najua."

"Nataka kuwaambia watu. Wote."

Alifikiri. "Waambie," alisema. "Nitakuwepo."

Nilidhani kukiri ni kama sindano, inauma mara moja. Kumbe ni mlango kwa mlango. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia yake na kuitazama ndani. "Mimi nimewafundisha wanangu," alisema. "Leo asubuhi wamenisalimia hivyo." Akaivaa. "Wewe mtoto, wewe." Mpishi alinitukana vizuri na kwa kirefu, nikamshukuru moyoni. Mtu wa fotokopi aliuliza tu, "Sasa tuiache?"

Njia nzima Daktari alikuwa na adabu ile ile. Ila nilipomwonyesha maktaba ndogo ya idara na kusema inafunguliwa saa nne, alivuka kwenda kusoma tangazo mlangoni. Nilipomwambia maji ya bomba lile hayanyweki, alimuuliza mfagiaji. Kila mara niliposema kweli, alitafuta mtu wa pili.

Tukafika kwenye daraja la mbao.

"Ubao wa tatu," nilianza.

"Umeoza," alimalizia yeye. "Uliniambia."

Lakini hakuuruka. Alinipa mkoba wake nishike, akakunja suruali mara mbili, akashuka mtaroni na vile viatu vyake vya kahawia, akazama kwenye tope mpaka kifundoni. Alipita chini ya daraja, akaugonga ubao wa kwanza kwa kidole, wa pili, wa tatu. Nilisimama juu na mkoba, sikuwa na mzaha hata mmoja.

Alipanda, akajipangusa mikono.

"Kweli umeoza," alisema, akauruka.