Mkwaruzo wa Kioo cha Saa

Vipele vilianzia kwenye kifundo cha mkono, pale pale saa inapolalia ngozi. Sista aliviona asubuhi akimfunga mumewe vifungo vya shati, na mtu aliyeuguza wagonjwa wodini miaka thelathini na mbili hahitaji kuambiwa vipele vya namna ile vimetoka wapi. Vimetoka kwenye uchafu. Aliugeuza mkono wa mzee kuelekea dirishani. Kandokando ya kioo cha saa kulikuwa na mstari mweusi wa jasho, vumbi na sabuni iliyoganda, na mkanda wa ngozi ulikuwa umeanza kunuka.

"Mzee wangu, nivulie hii saa niifute."

"Saa ngapi sasa?" mumewe aliuliza.

"Moja na robo."

"Basi bado," alisema, akauficha mkono kwapani.

Mtaani walimwita King'ora. Tangu ujana mpaka kustaafu kazi yake ilikuwa kupiga king'ora cha kiwanda cha nguo: asubuhi watu waingie, mchana wale, jioni watoke. Kila asubuhi walimlaani, kila jioni wakamwombea maisha marefu, na yeye hakujali laana wala dua, alijali mishale. Siku hizi akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Majina ya wajukuu yalitangulia kwenda, ikafuata njia ya kwa kinyozi, kisha mwaka wenyewe. Kitu ambacho hakikwenda popote ni ile saa. Kila alipoamka aliitia ufunguo, mizunguko ishirini, akihesabu kwa sauti, halafu akapitisha kidole gumba juu ya kioo, kwenye mkwaruzo mrefu uliotoka kwenye nne mpaka kwenye saba. Kidole kikishafika saba, mzee alitulia, na siku ikaanza.

Kuna siku binti yao, kwa nia njema tu, aliichukua akaibadilishe mkanda. Haikupita saa nzima King'ora akakutwa barabarani na soksi mguu mmoja, akimuuliza kila dereva kama ameiona. Tangu hapo Sista aliapa moyoni kwamba saa ile isitoke nyumbani, kwa sababu siku itakayopotea, na mzee wake atapotea pamoja nayo.

Kwa hiyo alipokwenda kwa fundi saa, alikwenda mikono mitupu. Fundi huyo alikuwa na kimeza chini ya ngazi za duka la viatu, na kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila kile kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia, watu walimwita Jicho Moja. Macho yote mawili alikuwa nayo, na jina hilo lilimkera sana.

"Niachie wiki moja, Mama," alisema.

"Wiki! Mwanangu, hata nusu siku sina."

"Basi safisha mwenyewe, ila nisikilize vizuri. Saa hiyo ni mzee, haijui kuogelea. Usiichovye kwenye maji. Kile kibonye cha kutilia ufunguo kisukume ndani mpaka mwisho. Mkanda uvue, uufute peke yake. Anza na mswaki laini, mkavu. Halafu kitambaa chenye maji na tone la sabuni, ukikamue mpaka kibaki unyevunyevu tu. Kwenye kona tumia kijiti cha meno, sindano usiguse. Na spiriti usithubutu. Kioo chake cha plastiki, kitapasuka kama kaukau za viazi."

Spiriti ndiyo kitu cha kwanza Sista alichokuwa amekifikiria. Alikohoa kidogo.

"Na mikwaruzo?"

Fundi alikitoa kile kioo jichoni, jambo ambalo hakulifanyia kila mteja. "Mikwaruzo siyo uchafu, Mama. Iache."

Siku ya pili yake, mchana, King'ora alivua saa ili aoge, akatoka bafuni usingizi umemwelemea, akalala. Sista alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatandika kitambaa cheupe mezani, akapanga vifaa vyake kwenye sinia kama anayemsubiri daktari. Alifanya kila alichoambiwa. Kibonye ndani. Mkanda kando. Mswaki ulipita, kijiti kikafuata, na uchafu ukatoka kwa vipande, mweusi, wa miaka. Aliugeuza kwenye mwanga, akaukunjia uso, na kusema kweli aliufurahia. Wauguzi wana starehe zao ambazo watu wengine hawazielewi.

Baada ya robo saa kazi ilikuwa imekwisha na saa ilikuwa safi. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Sista alikuwa amejisifu mwenyewe. Aliinua saa dirishani, na kitu pekee kilichoharibu kazi yake kilikuwa ule mkwaruzo, kutoka nne mpaka saba. Wodini kwake hakikuachwa kitu nusu. Akakumbuka kwamba dawa ya meno hung'arisha plastiki. Akaweka tone dogo kwenye pamba, akaanza kusugua taratibu, mizunguko midogomidogo, huku akiimba chini chini. Alisugua mpaka bega likamuuma. Alipofuta, kioo kilikuwa kama kimetoka dukani jana.

King'ora aliamka, akanyoosha mkono, akapewa saa. Aliitazama. Kidole gumba kilikwenda kwenye nne, kikateleza moja kwa moja mpaka kwenye kiganja. Akarudia. Kikateleza tena.

"Hii siyo yangu," alisema.

"Ni yako, Mzee. Nimeisafisha tu."

"Yangu ina alama." Alimrudishia kwa adabu, kama mtu anayerudisha kikombe cha jirani. "Mpelekeeni mwenyewe. Atakuwa anahangaika huko aliko."

Hapo ndipo Sista alipoelewa alichokifanya. Si kwamba hakujua ule mkwaruzo ulikotoka. Alijua kuliko mtu yeyote. Ulipatikana siku waya wa king'ora ulipokatika, ukapita juu ya kioo, ukamchana kijana mpiga king'ora kiganja cha mkono wa pili. Kijana akaletwa wodini akivuja damu, akapokewa na muuguzi mgeni wa wiki mbili. Muuguzi alimshika mkono kuhesabu mapigo, akaangalia saa yake mwenyewe, imesimama! Na muuguzi mkuu huyo anakuja na faili lake. Kijana akamnyooshea ule mkono wake mzima, wenye saa. "Tumia hii, Sista," akamnong'oneza, "kioo kimechubuka lakini mishale inatembea." Miaka arobaini na minne ya ndoa ilianzia hapo. Mkwaruzo aliuona kila siku mpaka akaacha kuuona, na sasa ameufuta kwa dawa ya meno.

Siku mbili zilizofuata nyumba haikukalika. King'ora aliitafuta saa chini ya godoro, ndani ya viatu, kwenye kopo la sukari. Chakula alikiacha. Kila baada ya muda alisimama akisema king'ora kimechelewa, watu wamesimama kwenye mashine na njaa, watamlaumu nani? Mara mbili Sista alimkamatia getini. Binti alipopiga simu, mama alimwambia wote ni wazima, akajikaza kisabuni mpaka simu ilipokatwa, ndipo akalia.

Jioni ya siku ya pili alichukua sindano. Aliweka ncha juu ya kioo, kwenye nne, akaipima njia mpaka saba. Angeweza kuchora mstari, lakini wa kwake, si ule, na kidole cha mzee kingejua. Aliirudisha sindano kwenye kikasha chake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi ya tatu alimkuta amekaa kitandani, jasho usoni, anapumua kwa haraka. Sista hakufikiri. Aliichukua saa pale juu ya kabati, akaketi, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili. Vipele vilikuwa vimekauka. Akatazama mshale wa sekunde ili aanze kuhesabu.

Haukuwa unatembea. Katika nyumba ile mtu wa kutia saa ufunguo alikuwa mmoja tu, na kwa siku mbili hakuna aliyekumbuka.

Mumewe alikuwa akimwangalia kwa makini, uso mpole, wa mgeni.

"Sista," alisema, "saa yako imesimama."

"Kweli imesimama."

King'ora aliutazama mkono wake mwenyewe, mtupu, akaona haya. "Ningekuazima yangu. Ina alama kidogo lakini inatembea. Sasa imepotea, sijui nimeiweka wapi." Alifikiri kidogo, kisha akafungua kiganja. "Lete nikutilie ufunguo. Nyinyi watu wa wodini mnashika roho za watu, saa mnazisahau."

Alimpa. Vidole vilikishika kibonye bila kukitafuta. Moja, mbili, tatu, alihesabu kwa sauti ile ile ya kila asubuhi, na kila alipohesabu pumzi yake ilishuka. Alipofika ishirini aliiweka saa sikioni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole gumba hakikwenda kwenye kioo. Saa haikuwa yake.

"Haya, chukua. Saa ya mtu isilale njaa. Kesho niletee tena."

"Nitaileta."

"Kila asubuhi. Mimi nipo tu hapa." Akainama karibu, akapunguza sauti. "Lakini mke wangu asijue. Atasema nahangaika na saa za wanawake wa watu."

Sista alitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini mzee alikuwa ametulia, kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili ametulia kabisa, na maneno yale yangemtibua tena bure.

"Kwani ni mkali?" akamuuliza.

"Ah, hana ukali." King'ora alitabasamu. "Anapenda usafi kupita kiasi, basi. Lakini ni mke mzuri. Ukimwona utampenda."

"Hatajua," alisema Sista.

Aliivaa saa, mkanda ukampwaya, akamshika tena mkono kuhesabu mapigo. Mshale ulikuwa unatembea vizuri. Alipofika arobaini na nne hesabu ilimpotea, akaanza upya.