Rangi ya Kukaribisha Kamati

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hakutafuta wa kumsukumia. Wajinga wa mji ule walikuwa wengi, baadhi yao wakilipwa posho kila kikao, lakini Ijumaa ile zamu ilimwangukia fundi rangi, aliyeitwa Brashi hata na mkewe, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Mambo yalianza vizuri, kama yanavyoanza mambo yote yanayoharibika. Halmashauri ilikuwa na Mfuko. Kila mwenye jengo aliongezewa kidogo kwenye kodi, na hicho kidogo kikaahidiwa kufanya kazi tatu: kutunza majengo ya kale, kuacha maeneo ya wazi watu wapumue, na kuwapatia wenye kipato cha chini nyumba wanazozimudu. Maneno matamu, ungedhani yametiwa sukari. Basi eneo la wazi likahifadhiwa hasa: likazungushiwa uzio, likatiwa kufuli, na ufunguo akapewa mtu aliyehamia mji mwingine. Watoto wakawa wanacheza mpira barabarani huku majani ndani ya uzio yakistawi kwa raha zao. Nyumba za bei nafuu nazo zilijengwa, na kweli zilikuwa nafuu, maana shemeji yake mwenyekiti wa kamati alikaa mle bila kulipa hata senti. Ama ukale, kitu cha kale pekee ambacho Mfuko ulikuwa umekitunza mpaka hapo kilikuwa mwenyekiti mwenyewe.

Huyo alistaafu zamani idara ya ardhi, kiinua mgongo akakila kikaisha, na pensheni ilimfikia kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Meno yalikuwa yamemuaga, magoti yakimlia kama bawaba kavu, ila kichwa chake kilikuwa cheusi ti, cheusi kuliko cha mjukuu wake.

Brashi alikaa na mke, watoto watatu na shangazi yake katika nyumba ya vyumba vinane iliyozunguka ua mmoja. Kuta zake zilikuwa za mawe, nene kiasi kwamba mtoto aliweza kulala dirishani kama kitandani. Juu ya mlango mkubwa, waliojenga walikuwa wamefinyanga mwaka kwenye lipu, mwaka ambao bibi yake Brashi alikuwa hajazaliwa. Familia nane ziliishi mle kwa kodi ya kuvumilika. Kisha mwenye nyumba akafa, na mrithi akataka kuuza. Mfanyabiashara wa malori alishafika na futi kamba, akapima ua mbele ya wapangaji bila kuwasalimu. Mrithi hakuwa mbaya, alikuwa na haraka tu. Alisema, "Mfuko ukiinunua kabla ya mwisho wa mwezi, sawa, mkae kwa kodi ileile. Usipoinunua, mimi namuuzia mwenye malori, msinilaumu."

Jumanne karani wa kamati alikuja, dada mmoja mpole mwenye jalada kubwa kuliko kifua chake. Akamkuta Brashi mlangoni.

"Kamati inakuja Ijumaa saa nne, fundi. Wanataka kuona ukale wa jengo. Msijisumbue na chochote, iacheni ilivyo."

Hapo ndipo Brashi alipoingia shimoni. Yeye alilelewa vizuri. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona mgeni anayetangulia kusema "msijisumbue" akaachwa akae njaa. Mgeni akisema hivyo ndipo anapotafutwa kuku. Akamwitikia karani kwa adabu zote, kisha akaenda kukusanya makopo.

Alikuwa na mabaki ya rangi ya shule, mabaki ya rangi ya zahanati, na robo kopo ya rangi ya benki ambayo hakupenda kuulizwa imefikaje kwake. Akachanganya vyote kwenye ndoo, ikatoka rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "karani si kasema tuiache ilivyo?"

"Mke wangu, hiyo ni heshima tu. Wewe ukienda ugenini husemi usipikiwe?"

"Nasema, na huwa namaanisha. Ni nyinyi mnaonilisha kwa nguvu."

Shangazi yake, ambaye alikuwa dobi na alifulia nusu ya maofisa wa halmashauri, hakuinua macho kwenye pasi yake ya mkaa. "Brashi, mwanangu, kazi yako ni nzuri. Akili ndiyo inakuja kwa kuchelewa kama mshahara wa mwalimu."

Akacheka, maana alizoea. Kwa siku tatu alikwangua, akaziba nyufa zote, akapiga rangi mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Majirani walipokezana kumshikia ngazi. Hakuna ukuta aliowahi kuupaka kwa mapenzi kama ule. Ijumaa asubuhi, kwa kuwa fundi mzuri haachi kazi bila nakshi, akapanda ngazi na kuuchora ule mwaka wa juu ya mlango kwa rangi nyekundu, tarakimu moja moja, ulimi nje.

Saa nne ikafika saa sita. Kamati ikashuka garini: mwenyekiti, karani na jalada lake, na wajumbe wawili ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa. Jua lilikuwa kali, na mwenyekiti alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooka kama karatasi. Akasimama mbele ya nyumba, akaitazama, akamgeukia karani.

"Hili jengo la kale liko wapi?"

"Ndilo hili, mheshimiwa."

"Hili?" Akapanda ngazi ya Brashi vidaraja viwili, magoti yakilalamika, akagusa ule mwaka. Kidole kikarudi chekundu. Akakiinua juu wajumbe wakione. "Mwaka huu umeandikwa leo! Rangi haijakauka! Mnatufanya watoto?"

Wajumbe wakatikisa vichwa.

Brashi akaisogelea ngazi. "Mheshimiwa, mwaka ulikuwepo. Mimi nimeufuatisha tu. Ni rangi ya kuwakaribisha."

"Kunikaribisha kwa kughushi?"

"Naweza kuikwangua! Nipeni mpaka kesho, nairudishia ubovu wake wote. Hata nyufa nazikumbuka zilipokuwa."

Kicheko kikatoka kwa wapangaji waliojaa barazani, halafu kikafa chenyewe, maana kila mmoja alikumbuka malori.

Karani akafungua jalada. "Mheshimiwa, rejista ya majengo inaonyesha kwamba nyumba hii..."

"Rejista ni karatasi. Mimi nina macho. Andika: jengo jipya, halifai kuhifadhiwa."

"Basi tuwekeni kwenye eneo la wazi," akasema Brashi, akishika hili na lile. "Ua wetu mkubwa, watoto wa mtaa mzima wanachezea humu."

Mwenyekiti akachungulia uani. "Ua umejaa kamba za nguo. Eneo la wazi halina nguo."

"Na makazi nafuu, mheshimiwa? Si ndiyo kazi ya tatu? Hapa tunalipa kodi tunayoiweza, familia nane."

"Ndiyo ubaya wake. Nyinyi tayari mna makazi. Mfuko unawasaidia wasio na makazi. Mkishafukuzwa, njooni ofisini mjaze fomu." Akasema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayegawa pipi.

Mkewe Brashi akamtazama mumewe mara moja tu, na yeye akatamani angetazamwa na simba. Siku tatu juani, kwa rangi yake mwenyewe, alikuwa amewapakia watu wote wale kwenye lori.

"Lakini mzee," akasema, "rangi ni ya juu tu. Chini yake ni mawe yaleyale."

"Fundi, usinifundishe." Mwenyekiti sasa alikuwa ameshapata hadhira, na mtu wa namna yake akipata hadhira huwa hajui pa kushukia. Akajifuta jasho kisogoni, akapanua mikono. "Nyote mnanisikia. Nionyesheni kitu kimoja tu, kimoja duniani, kilichopakwa rangi mpya kikaendelea kuhesabiwa ni cha kale. Nionyesheni, nami natia sahihi nyumba inunuliwe hapahapa. Karani, toa fomu. Toa na kalamu. Haya, nani?"

Karani akatoa fomu, akatoa na kalamu. Wajumbe walianza kutikisa vichwa, wakasita, hawakujua wanatikisia upande gani. Brashi akatazama ukuta wake mzuri, kisha chini.

Shangazi akaiweka pasi kwenye kigae. Akafuta mikono kwa kanga, akapita katikati ya watu bila haraka, akasimama mbele ya mwenyekiti karibu sana, akimtazama shingoni kama anavyotazama doa kabla ya kuamua sabuni gani.

"Shikamoo sikupi," akasema, "maana mimi na wewe tulikaa dawati moja darasa la kwanza, ingawa mkubwa ulikuwa wewe. Rangi ya mlango imekuachia kidole chekundu. Ya kichwani mwako nayo imekuachia kola nyeusi, na Jumatatu hiyo kola ninaifua mimi, kama ninavyoifua kila Jumatatu. Kwa hiyo chagua, mwenyekiti: ama utie sahihi, ama urudishe pensheni, ukapange foleni ya ajira na vijana wenzako."