Vishikio vya Pazia la Muuguzi

Haya nimeambiwa na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, juzi asubuhi tulipokuwa tunachambua maharage barazani kwangu. Alicheka hata akawa anatupa mazuri pamoja na mabovu.

Yeye anaishi na mwanawe, kinyozi, na mkwewe, muuguzi wa zamu ya usiku. Muuguzi hulala mchana, lakini dirisha la chumba chao linatazama jua, na pazia lenyewe jepesi, unamwona nzi aliye upande wa pili. Wiki nzima mtoto wa watu hakulala. Kazini alikutwa anasinzia mara mbili, na mkuu wa wauguzi akamwambia: ya tatu, kazi huna. Na usiku wa siku hiyo alikuwa na zamu tena.

Basi kinyozi hakufungua kibanda chake. Blanketi zito la kuziba dirisha lilikuwapo. Fimbo ilikuwapo, mpini wa ufagio mkuukuu. Vilivyokosekana ni vishikio viwili vya kuibebea. Akatoa uvunguni ukanda wa alumini uliobanduliwa kwenye mlango wa zamani, upana wa vidole viwili, na matundu ya skurubu tayari.

"Nyundo sitaki kuisikia," mama yake akamwonya. "Mwenzio anautafuta usingizi humo ndani."

"Nitakunja kimyakimya, mama."

Akakata vipande vinne. Halafu, kinyozi ni kinyozi tu: pa kukunja akapachora kwa wembe, mstari umenyooka kama wa paji la bwana harusi. Akakandamiza. Tak! Kipande kikavunjika palepale kwenye mstari.

"Umekinyoa," mama akasema.

Cha pili akakikunja kwa mikono, kikapinda kama ndizi. Akakinyoosha, akakikunja, akakinyoosha tena. Kikafanya ufa. Vimebaki viwili, na vinavyotakiwa ni viwili. Mama mtu akaziba mdomo kwa khanga, lakini kicheko kikampita puani.

Muuguzi akatoka, macho mekundu kama pilipili. "Kama hapa halali mtu, basi nami nicheke." Akakitazama kile chenye ufa. "Mume wangu, hili ni kama goti la mgonjwa aliyelala muda mrefu. Halikunjwi kwa hasira. Na ukishalikunja, usilirudierudie."

Akachukua mkaa akapiga mstari. Wakakiweka kipande cha tatu juu ya benchi la barazani, wakakifunika kwa ubao mwingine, mstari ukiwa kwenye ukingo wa benchi, uliochakaa hata ukawa mviringo.

"Sasa tupate kitu kizito juu," akasema kinyozi.

Wote wawili wakamgeukia mama.

"Mnanitazama mimi?"

"Mama, wewe ni baraka ya nyumba hii."

"Ya kilo ngapi?" Lakini akakaa.

Muuguzi akashika kipande cha gogo, akausukuma nacho ukanda chini polepole.

"Mama usicheke, mbao zinacheza!"

"Niachaje, na wewe unanipumulia mguuni?"

Alumini ikashuka bila ubishi. Ncha wakaizungushia mpini wa ufagio, ikawa kama kiganja kilichokunjwa nusu. Cha pili kikatoka pacha wa kwanza. Kinyozi akavifunga kwa bisibisi kwenye fremu ya mbao, akapandisha fimbo na blanketi. Chumba kikawa giza kama ndani ya mtungi.

"Mume wangu, sikuoni," muuguzi akasema.

"Ndiyo ulale sasa."

Mkewe amekwisha lala, kajitupa kitandani na ndala moja mguuni.

Kinyozi akakaa mlangoni kuwanyamazisha wapita njia. Mama alipochungulia, kichwa kiko ukutani, bisibisi mkononi, mdomo wazi.

"Nikajinyoosha mkekani, dada," mdogo wangu akaniambia, "nisikilize kama fimbo itaanguka. Haikuanguka. Nikasikia mkoromo mmoja chumbani, mwingine mlangoni. Wa tatu sikuusikia, nadhani ulikuwa wangu."