Miaka Mitano kwa Kisigino Kimoja

Ijumaa hiyo Verlyn Stroik alikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ilikuwa kunyamaza mpaka saa kumi alasiri. Kwa mtu mwingine hiyo si kazi ngumu. Lakini yeye alikuwa ameichagulia mahali pabaya kuliko pote Wisconsin: kibanda cha baba mkwe wake juu ya barafu ya Ziwa Kessel, walikokaa kila Ijumaa ya majira ya baridi, chenye upana wa godoro la watu wawili, matundu matatu ya kuvulia sakafuni, na watu wawili wa ukoo wa Tesch ambao walikuwa wakizungumzia mpira wa Kimarekani tangu saa mbili asubuhi.

Siri yake ilikuwa barua. Wiki mbili zilizopita ofisi ya Wapasua Mbao, timu ya mji wa Port Ansgar, ilimwandikia kwamba zamu yake imefika. Alikuwa amepata viti viwili vya uwanjani, safu ya thelathini, vyake mpaka afe, kisha vya wanawe. Apige simu kabla ya saa kumi Ijumaa, la sivyo jina lake lifutwe na aitwe anayefuata. Mama yake alimwandikisha siku aliyomzaa, hata kabla hajampa jina, kama ilivyo ada ya mji ule, na sasa alikuwa na miaka thelathini na minane. Port Ansgar kuna watu waliozikwa wakiwa bado kwenye foleni hiyo, na jamaa zao wanaamini kabisa kwamba hawajapumzika kwa amani.

Verlyn hakuvitaka. Mkewe, Joelle, alikuwa muuguzi, na alikuwa amepata kazi Arizona. Wangehama mwezi wa Juni. Na mtu mwenye viti hahami Port Ansgar. Hakuna sheria inayokataza, ila haijawahi kutokea. Joelle alikuwa amepanga kumwambia baba yake habari za Arizona siku ya Pasaka, akishashiba. Habari za viti walikubaliana wasimwambie mtu yeyote, milele. Muda ungepita wenyewe, kimyakimya, na Verlyn angekuwa mahali pasipo na simu. Kibanda cha mzee Orville kilifaa sana kwa hilo, maana humo simu zilipigwa marufuku. Kila mtu aliacha yake kwenye kopo la kahawa ndani ya pikapu, hatua arobaini kutoka mlangoni, ili samaki wasishtuke.

Jambo lililokuwa likijadiliwa lilikuwa kisigino cha Cade Hollings. Huyu alikuwa kwotabeki wa Wapasua Mbao, yule anayeupokea mpira kwanza na kuurusha, ambaye mkono wake ndio unaoamua kama mji mzima utakula chakula cha Jumapili kwa furaha au kwa kununa. Katika mechi ya tatu ya msimu alirudi nyuma hatua tatu ili arushe, hakuguswa na mtu, akaanguka. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Mkataba wake ulikuwa unaisha Machi, na timu ilipaswa kuamua ama impe miaka mitano mingine ama imwage. Mji ulikuwa umegawanyika katikati. Kinyozi wa barabara kuu alikuwa ameweka foleni mbili, wanaotaka na wasiotaka, ili wembe usije ukateleza.

Mzee Orville, aliyestaafu kiwanda cha jibini na sauti yake ikabaki kazini, hakutaka. Mwanawe Kip alitaka, tena alikuwa amevaa jezi ya Hollings juu ya koti la baridi, akawa anaonekana kama friji iliyopewa namba.

"Miaka mitano kwa kisigino kimoja," Orville alisema, akikata soseji ya kulungu. "Mimi ng'ombe akivunjika mguu simwandikii mkataba."

"Baba, wewe hujawahi kufuga ng'ombe."

"Nimekula wengi."

Kip akaeleza tena, kwa mara ya nne, kwamba siku hizi madaktari wanaishona kano kama kiatu, ikatoka imara kuliko mwanzo; kwamba Hollings aliwafikisha mechi za mtoano miaka miwili mfululizo, mwaka wa pili akiwa na kidole kilichovunjika; na kwamba ukimwacha mtu siku aliyoumia, hukuwahi kuwa naye. Orville akajibu kwamba kano inashonwa lakini woga haushonwi. Mguu ule ndio aliokuwa akiukanyagia kabla ya kurusha. Sasa atakuwa na miaka thelathini na mmoja, na kila akisikia kishindo nyuma yake atafikiri ni kisigino. Kisha wote wawili wakamgeukia Verlyn.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kuu ya kibanda. Watu walikuwa watatu ili hoja yoyote isife kwa sare, na wa tatu alitakiwa kutoa kura kabla samaki hawajaingia kwenye kikaango. Verlyn alikuwa ameikwepa tangu asubuhi kwa ustadi wa kusifiwa. Alisema kila upande una hoja. Alisema bado anatafakari. Mara mbili alidai uzi wake umevutwa, na mara ya pili, kwa bahati mbaya, ulikuwa umevutwa kweli, akalazimika kumtoa sangara ambaye hakuwa na haja naye.

Ilipofika saa nane Kip alinyanyuka kwenda kujisaidia. Akausukuma mlango. Mlango haukusogea. Akausukuma kwa bega, kibanda kizima kikalia, mlango ukabaki palepale.

Kosa lilikuwa lake, na lilichukua muda kukiriwa. Mtu anayevua kwenye barafu hana budi kuchota mara kwa mara uji wa barafu unaoganda juu ya tundu lake, kisha afungue mlango kidogo na kuumwaga mbali. Tangu asubuhi mchotaji alikuwa Kip, na kwa sababu hakutaka kukosa neno hata moja la mjadala, alikuwa akiumwaga papo hapo kizingitini. Asubuhi kulikuwa na joto kidogo. Mchana upepo uligeuka ukatoka kaskazini, na uji wote ule ukawa ukuta. Keekee ya kutobolea barafu, shoka na sururu vilikuwa ndani ya pikapu, vikiwa pamoja na simu katika kopo la kahawa.

"Nimekwambia miaka ishirini, mwaga mbali," Orville alisema.

"Nilikuwa najibu hoja yako, Baba."

"Hukuijibu."

Verlyn akapendekeza wauvunje mlango. Baba na mwana wakamtazama kama aliyeiba sadaka kanisani. Mlango ule ulikuwa wa stoo ya jikoni, marehemu Mama Tesch aliupaka rangi ya kijani kwa mkono wake, na ubavuni mwake kulikuwa na alama za penseli zilizoonyesha urefu wa Joelle na Kip kila mwaka walipokuwa wadogo. Orville alisema mlango hauvunjwi. Askari wa wanyamapori hupita saa kumi na moja kukagua leseni, atawatoa yeye. Dirisha dogo la juu liko wazi, hewa ipo, gesi ipo, soseji ipo. Kip akauliza kuhusu haja yake. Akaambiwa tundu ni la samaki, avumilie.

Verlyn aliitazama saa yake. Mambo yalikuwa yakimwendea vizuri kuliko alivyopanga. Saa tisa na robo. Kibanda kilizidi kuwa kidogo. Magoti yake yaligusana na magoti ya baba mkwe, na kila Kip alipojikunja kwa haja yake jezi ya Hollings ilimpapasa sikio.

"Basi, shemeji," Kip alisema kwa taabu. "Piga kura tuyamalize, nifikirie kitu kingine."

"Bado natafakari."

"Unatafakari tangu Septemba. Hata kano ya Hollings imeshaungana."

"Kura, mkwe," Orville alisema. "Tumpe miaka mitano au tusimpe?"

Pengine ilikuwa joto la gesi, au yale magoti. Verlyn alifungua mdomo ili aseme kila upande una hoja, na badala yake akasema, "Kwani nani amemuuliza yeye?"

"Amemuuliza nani?" Kip akasema.

"Hollings. Mji mzima unabishana tumpe au tusimpe. Hakuna aliyeuliza kama anataka. Labda amechoka. Labda anataka kukaa mahali ambapo akienda kununua maziwa haulizwi kisigino. Mnamshikia miaka mitano kama zawadi, na huenda yeye anaiona kama…" Akanyamaza, lakini akawa amechelewa. "Kama huu mlango."

Kip alimtazama kama mtu aliyesikia tusi la lugha asiyoijua. Akauliza ni nani, mwenye akili zake, anayeweza kupewa Port Ansgar akaikataa. Orville aliweka kisu chini, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Mwaka jana namba yako ilikuwa mia mbili na kumi na mbili," alisema.

Kila Januari ofisi ya timu humtumia kila aliye kwenye foleni kadi yenye namba yake, na kadi hiyo hukaa kwenye mlango wa friji mwaka mzima, juu ya picha za watoto. Mtu anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mkewe, lakini namba za ukoo mzima anazijua. Ya Kip ilikuwa elfu sita na kitu. Ya Orville ilikuwa elfu tisa na mia nne, kwa sababu aliwaandikisha watu wote nyumbani kwake, mpaka binamu, akajikumbuka mwenyewe akiwa na miaka hamsini.

"Jumapili nilikula kwenu," Orville akaendelea. "Kwenye friji kuna kadi ya Joelle. Kuna za watoto. Yako sikuiona."

Hapakuwa na pa kutazama. Ukikwepa macho ya Orville ulikutana na ya Kip, na ukikwepa yote mawili ulibaki na tundu jeusi la maji.

"Nilipata barua, Baba," Verlyn alisema. "Mwisho wake ni leo saa kumi."

Kip alisahau haja yake. "Viti?"

"Viwili. Safu ya thelathini."

"Na uko hapa unavua?"

Ndipo Verlyn akayatoa yote kwa pumzi moja, hata yale ambayo hayakuwa yake kuyatoa: kazi ya Joelle, Arizona, mwezi wa Juni, Pasaka. Aliposema Pasaka alijua kwamba jioni hiyo angekuwa na kesi nyingine nyumbani. Orville alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo lililowatisha wote wawili, kwa kuwa halikuwa na historia.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa tisa na dakika thelathini na tano."

Mzee alisimama. Alizima jiko, akafunga gesi, akaifungua mipira ya mtungi kwa utaratibu wa mtu anayevua viatu mlangoni. Akaunyanyua mtungi kifuani. Kip alipoelewa alisema, "Baba, alama za Mama," lakini mtungi ulikuwa tayari umekwenda. Pigo la kwanza lilipasua ubao wa katikati. La pili lilitoa baridi na mwanga. La tatu lilivunja ubavu wenye penseli, na Orville akapita katikati ya mabanzi bila kutazama chini, akaenda kwenye pikapu kwa mwendo ambao goti lake lilikuwa limekataa miaka sita. Aliporudi alikuwa na simu ya Verlyn mkononi. Kip alikuwa nyuma ya kibanda, akipata nafuu.

"Piga," Orville alisema. "Piga kwanza. Hayo ya Arizona tutazungumza."

Verlyn akapiga. Kip naye akarudi, wakasimama watatu kwenye upepo, Orville akiwa karibu kiasi kwamba Verlyn alimsikia akipumua. Simu ilipokewa na mwanamke mwenye sauti ya uchovu, akaomba jina, akatafuta kwa muda mrefu.

"Stroik, Stroik. Hapa nina Mtoto Stroik. Ndiye wewe?"

"Ndiyo, mama. Ndiye mimi."

"Hongera, bwana. Umebakiwa na dakika kumi na moja. Unavichukua viti?"

Verlyn aliutazama mlango. Vipande vya kijani vilikuwa vimetapakaa kwenye theluji, na kwenye kimoja alisoma jina la mkewe na mwaka wake wa tano. Kama Orville angepiga kelele ingekuwa rahisi. Lakini mzee alikuwa amevua kofia. Alisimama bila kofia katika baridi ile, akiitikia kwa kichwa polepole, kama anayemsaidia mtoto kutamka neno.

"Naweza kumpa baba mkwe wangu?" Verlyn akauliza.

Mwanamke alisema ni mtoto wa damu tu, tena baada ya kufa.

"Kama sijafa?"

"Basi unakaa wewe, bwana."

"Hapana," Verlyn alisema. Sauti ilitoka ndogo, akalazimika kulirudia. "Hapana, mama. Mwite anayefuata."

Mwanamke akamwomba athibitishe kwa jina kamili, na Mtoto Stroik akathibitisha.

Orville alivaa kofia yake. Kip aliokota samaki, kisha akaokota mbao za kijani, zote, mpaka mabanzi, akazipanga nyuma ya pikapu na kuzifunika kwa koti lake. Kiti cha pikapu kilikuwa kimoja kirefu, na kwa kuwa Orville ndiye aliyeendesha na Kip hakubali kukaa mbali na dirisha, Verlyn alikaa katikati, miguu yake ikiwa huku na huku ya rungu la gia, kwa maili tisa. Kila gia ilipobadilishwa mkono wa baba mkwe ulipita juu ya goti lake, naye hakuwa na mahali pa kulipeleka.

Walipovuka reli Orville alikohoa.

"Huko Arizona," alisema, "maziwa ya kuvulia yanaganda?"

"Hapana, Baba. Hayagandi."

Mzee alibadilisha gia.

"Sasa Ijumaa mtakuwa mnakaa wapi?"

Walifika nyumbani, ambako Joelle alikuwa ameshawasha taa ya barazani, na mkono wa mzee ukapita mara nyingine juu ya goti la Verlyn kutoa gia.